Kilio Kwenye Turubai la Waziri

Katika nchi ya Tulivu, ambako tangu bendera ipandishwe hakuna raia aliyewahi kulalamika mara mbili, neno "mzee" lilikuwa mali ya serikali. Sheria yake ilipitishwa bungeni kwa makofi. Ilisema kwamba Mzee ni mmoja tu, yule anayekaa Ikulu, na kwamba wanaume wengine wote walioota mvi wataitwa "watu wazima waliokomaa." Jina lake halisi halikutajwa ovyo, kwa kuwa kulitaja kulihitaji kibali, na ofisi ya vibali ilikuwa imefungwa kwa ukarabati. Basi watu wakasema "Mzee" wakaelewana. Walioshindwa kuelewana hatuna habari zao.

Bi Siwema Kombo aliijua sheria hiyo kama alivyoijua njia ya sokoni. Alikuwa mjane, mchoma vitumbua, mtu wa kupita ukutani. Likipita gari lenye bendera, aliinama kufunga kamba za viatu, hata siku alizovaa ndala. Lakini msiba ukibisha hodi, ulimi hurudi kwa mama yake, ukasema kama ulivyofundishwa.

Asubuhi hiyo alipigiwa simu na Hidaya, shoga yake wa tangu ujana.

"Siwema, Mzee Ngwali hatunaye. Kaanguka bafuni alfajiri, basi, ndiyo imekuwa."

Bi Siwema alikaa chini palepale penye kinu. Ngwali alikuwa fundi viatu, na kwa miaka mingi alikuwa jirani yake, kabla yeye na mkewe Hidaya hawajahamia kwa mkwe wao upande wa pili wa mji. Marehemu mume wa Bi Siwema aliitwa siku moja kwenda kujibu maswali, akarudi akiwa mgonjwa, akafa. Watu wakaogopa kumzika, wakaogopa hata kupita mbele ya nyumba. Ngwali peke yake ndiye aliyekuja. Alileta sanduku lake la nyundo na gundi, akaliweka kizingitini, akawa anashona viatu pale muda wote wa matanga, ili nyumba ionekane ina watu.

"Mnazika lini?" aliuliza.

"Leo, baada ya alasiri. Tuko kwa mkwe wetu, Barabara ya Mtukufu. Utaona turubai."

Hidaya hakukosea, ila hakusaidia. Halmashauri ya jiji ilikuwa imekwisha kuzipa barabara zote jina hilo moja, Barabara ya Mtukufu, ili mwananchi asipotee popote alipo.

*

Kilichomtoka kichwani Bi Siwema ni kwamba siku hiyo ilikuwa Sikukuu ya Kuzaliwa kwa Mzee.

Sikukuu ile ilikuwa na utaratibu wake. Kila kiongozi alipaswa kufunga turubai, kualika watu na kufurahi. Ila furaha haikuruhusiwa kuanza mpaka Ikulu ipige simu. Mwaka huo simu ilikuwa haijapigwa, na saa sita ilikuwa imekwisha kupita. Isitoshe, Mzee hakuwa ameonekana hadharani tangu mvua za masika. Kuuliza yuko wapi lilikuwa kosa la uchochezi. Kutouliza lilikuwa kosa la kukosa mapenzi. Kwa hiyo katika turubai la Mheshimiwa Makofi, Waziri wa Utulivu wa Ndani, wageni walikaa tangu asubuhi bila kusema neno. Wanaume walikuwa kwenye viti vya plastiki, mikono magotini. Wanawake walikuwa mikekani, kanga vichwani, macho chini. Katikati palikuwa na meza, na juu ya meza kitu kirefu kilichofunikwa shuka jeupe.

Bi Siwema alichungulia, akaona nyuso zile, akaona shuka lile, akasema moyoni, hapa ndipo.

Alishangaa tu kuona suti nyingi na nyota za mabegani. Lakini kila mtu ana viatu, akawaza, na viatu vyote huchakaa. Machozi yakamjia kwa furaha ya uchungu kwamba rafiki yake alipendwa kiasi kile. Akamwona mwanamke aliyekaa mbele kabisa, mwenye uso mzito kuliko wote, akadhani ni ndugu wa marehemu. Kumbe ni mke wa Waziri, viatu vinambana. Bi Siwema akamwangukia shingoni.

"Pole, mwenzangu. Pole sana. Mzee katutoka."

Turubai lililokuwa kimya likawa kimya zaidi. Hata nzi waliokuwa wakiruka juu ya shuka wakatua.

"Nani?" mke wa Waziri akanong'ona.

"Mzee. Alfajiri, bafuni. Hata maji hakuomba."

Kisha akamwachia, akaenda mezani. Akaweka mkono juu ya shuka, mahali alipodhani ni kifua, akasema, "Nenda baba, nenda salama, deni lako silisahau." Mkono ukazama mpaka kwenye kiwiko.

Akauchomoa. Ulikuwa na krimu ya waridi, na mshumaa mdogo umenasa katikati ya vidole. Shuka lilikuwa limeteleza, na chini yake Bi Siwema akaiona keki yenye umbo la nchi nzima ya Tulivu, mito yake ya sukari ya buluu, milima yake ya chokoleti. Mkoa wa kaskazini haukuwepo tena.

Hapo ndipo alipoelewa yuko wapi, leo ni siku gani, na amesema nini. Alitamani ardhi ipasuke, lakini ardhi ya Tulivu nayo haikufanya jambo bila maagizo.

*

Mheshimiwa Makofi alikuwa na muda mfupi sana wa kufikiri. Yeye ndiye waziri anayetakiwa kujua kila kitu kabla hakijatokea. Akisema hakuwa na habari, basi si waziri. Akisema habari ni ya uongo, na kesho ikawa kweli, basi atakuwa ndiye mtu aliyecheka siku ya msiba. Njia iliyobaki ilikuwa moja. Akasimama, akatoa leso.

"Ndugu wageni," alisema kwa sauti iliyopasuka, "ni kweli. Nilikuwa natafuta maneno tu ya kuwaambieni."

Jenerali Kishindo, mkuu wa walinzi wa taifa, alikuwa ameketi upande wa pili. Hakukubali kuachwa nyuma. Akasimama naye.

"Mimi nilijua tangu jana."

"Jana?" Waziri akamkazia macho. "Si amesema kafa alfajiri?"

"Jeshi hujua mapema," akasema Jenerali. "Ndiyo kazi ya jeshi."

Basi kilio kikalipuka. Hakuna aliyetaka kuwa wa mwisho kulia. Mabalozi walilia, wakurugenzi walilia, mpiga tarumbeta aliyekodishwa kwa ajili ya furaha alijaribu kulia kwa tarumbeta. Mtu mmoja mnene alijitupa chini, akajiinua kuona nani ameona, akajitupa tena. Mkurugenzi wa redio ya taifa alitoka mbio huku akiongea na simu, na muda si muda, kutoka kwenye spika zilizofungwa juu ya nguzo za barabarani, ukaanza kusikika muziki wa taratibu, ule unaopigwa bila kutangazwa jambo.

Bi Siwema alisikia muziki ule. Akajua kwamba kama anataka kusema ukweli, ni sasa hivi. Akamshika Waziri mkono kwa mkono wake wenye krimu.

"Mheshimiwa, nisamehe. Mimi nimekosea turubai."

"Sote tumekosea, mama!" Waziri akalia. "Kufunga turubai la shangwe siku kama hii! Sote!"

"Hapana, nasema... si huyo. Mimi nilikuwa namzungumzia Mzee mwingine."

Kilio kikakatika kama kimekatwa kwa panga. Mkono wa Jenerali ukashuka kiunoni, kwenye bastola.

"Mzee mwingine?" aliuliza pole pole. "Ina maana tayari yupo mwingine? Nani?"

Bi Siwema aliona macho yote ya serikali yamemtazama, na kila jicho linatetemeka.

"Hakuna," akasema. "Hakuna mwingine. Nimeteleza ulimi."

"Nani kakuambia habari hii?"

"Mkewe."

"Mkewe mwenyewe? Kakupigia wewe?"

"Ni shoga yangu," akasema Bi Siwema, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akaona watu wenye nyota mabegani wanarudi nyuma kumpisha yeye.

Waziri akainama kidogo. "Shikamoo, mama," akasema, ingawa walikuwa umri mmoja. "Mwili uko wapi?"

"Kwa mkwewe. Wanazika leo, baada ya alasiri."

"Kwa mkwewe!" Jenerali akapiga mguu chini. Mkwe wa Mzee wa Ikulu alikuwa mtu aliyeshukiwa na kila mtu kutaka kiti. "Niliwaambia! Anataka kumzika kimyakimya, kesho tuamke tumkute amekaa! Magari!"

*

Wakampakia Bi Siwema katika gari la mbele, katikati ya Waziri na mkewe. Msafara ukaondoka kwa ving'ora. Barabarani watu waliinama kufunga viatu vyao, na Bi Siwema akawaona kupitia kioo cheusi, akawaonea wivu.

"Mheshimiwa," alijaribu tena, "hivi kwa mfano tu, mtu akisema jambo, halafu ikaja kuonekana kwamba halikuwa hivyo..."

Waziri akapangusa macho. "Yuko mtu alizusha kwamba Mzee ana mafua," akasema kwa upole. "Mafua tu, mama. Hatujui alipo mpaka leo. Na sisi ndio tuliompeleka."

Bi Siwema akafunga mdomo. Jasho lilimtoka mgongoni likaloanisha kiti cha ngozi, naye akaogopa hata hilo, asije akaulizwa kwa nini ameloanisha mali ya umma. Akasema moyoni, nikisema nimekufa, nisiposema nimekufa. Afadhali niache lije lenyewe.

Wakazunguka Barabara ya Mtukufu moja baada ya nyingine, mpaka wakaona turubai kuukuu, limefungwa kwa kamba za katani mbele ya nyumba ya bati. Chini yake walikuwepo watu wachache, na jeneza la msikiti limefunikwa shuka la kijani.

"Angalieni ujanja," Jenerali akasema. "Wamemficha mahali ambapo hata mimi nisingetafuta."

Mkwe wa marehemu alikuwa fundi baiskeli anayeitwa Chande. Alipoona magari yenye bendera yamejaa uani, alinyoosha mikono juu. "Redio ile si yangu!" akapiga kelele. "Nilipewa nitengeneze!" Hakuna aliyemsikiliza. Jenerali Kishindo, na nyota zake zote, alikuwa amekwisha kupiga goti mbele ya Hidaya. Uso wa mke wa Mzee ulikuwa siri ya taifa, na kwa kuwa hakuna aliyewahi kuuona, mwanamke yeyote aliyelia karibu na jeneza angefaa.

"Mama wa Taifa," akasema Jenerali, "pole. Jeshi liko nyuma yako."

Hidaya aligeuka kuangalia nyuma yake, akaona jeshi kweli. Akamvuta Bi Siwema kwa kanga.

"Siwema! Umewaambia nini hawa?"

"Nimewaambia pole tu," Bi Siwema akanong'ona. "Wallahi, pole tu."

Jenerali aliomba amwone marehemu usoni. Hidaya alikuwa mwoga, lakini si kwa jambo lile. "Keshavikwa sanda na kufungwa," akasema. "Hafunguliwi." Basi Jenerali akapiga saluti, na saluti ile ikawa ni cheti cha kifo.

*

Waziri akapanda juu ya benchi kuhutubia. Wapita njia walikuwa wamejaa, wamesimama kwa heshima na hofu, hawajui kwa nini taifa linamzika Ngwali. Bi Siwema alijikokota mpaka pembeni kabisa, penye gogo karibu na pipa la maji, akaketi.

Hapo akaja mtu mmoja, mtu mzima aliyekomaa, mfupi, amevaa kanzu iliyokunjamana na ndala za mpira. Akaketi naye kwenye gogo.

"Mama, nani kafa?"

Bi Siwema alimtazama. Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku nzima mtu kumuuliza swali lile, na alikaribia kumkumbatia.

"Ngwali, babu. Fundi viatu."

"Fundi viatu." Yule babu akawaangalia mabalozi. "Wamekuja wote hawa kwa ajili ya fundi viatu?"

Basi Bi Siwema akaropoka yote. Alikuwa amejaa kama mtungi. Alieleza simu ya Hidaya, barabara zenye jina moja, shuka jeupe, mkoa wa kaskazini. "Mimi nilisema Mzee katutoka, nikimaanisha Ngwali wetu. Wao wamedhani ni yule. Sasa nifanyeje, babu? Najua tumekatazwa kusema mzee. Niliteleza. Wataniua."

"Kwa hiyo wanadhani yule wa Ikulu kafa."

"Ndiyo."

"Mimi nilikuwa nangoja wageni nyumbani," akasema yule babu, kana kwamba anajibu swali jingine. "Hawakuja. Mpishi kaniona, kapiga yowe, kakimbia. Nikafuata vumbi la magari." Akanyoosha shingo. "Na huyu kwenye benchi anasema nini juu ya marehemu?"

"Msikilize mwenyewe, babu."

Waziri Makofi alikuwa amemaliza sifa, na mtu akimaliza sifa huanza ukweli. "Mzee aliniambia kwa kinywa chake," alikuwa akisema, "Makofi, ukinifuata wewe, nitalala kwa amani."

"Lini?" Jenerali akauliza kutoka chini. "Mimi aliniambia hivyohivyo Jumanne."

"Jumanne hakuwa akimtambua mtu! Tuseme ukweli, ndugu wananchi, marehemu alikuwa amechoka. Hotuba nilikuwa namtajia sikioni, neno kwa neno. Alipoapishwa mara ya mwisho, aliyeinua mkono wake juu ni mimi, nilikuwa nimeushika kwa nyuma ya pazia!"

"Na keki zake!" mke wa Waziri akadakia, viatu vikiwa mkononi, machozi ya kweli yakimtoka. "Kila mwaka keki! Tumechoka!"

Watu wakaguna. Mmoja akacheka kidogo, wa pili akamfuata. Kwa kitambo kidogo, uani kwa fundi baiskeli, ilionekana kama hewa imeingia Tulivu kwa mara ya kwanza. Bi Siwema peke yake ndiye aliyeona mkono wa yule babu ukilishika goti lake mwenyewe mpaka vifundo vikawa vyeupe. Akautazama mkono. Akautazama uso. Akautoa ukutani, pichani, ule uso wa mtu mwenye kifua kipana unaotundikwa katika kila duka, akauongezea miaka arobaini.

Alikuwa amemwita babu. Alikuwa amekaa naye gogo moja.

Jenerali naye aligeuka wakati uleule. Alivua kofia, akavaa, akavua tena. Mmoja baada ya mwingine wakageuka, mpaka Waziri akabaki peke yake juu ya benchi, mdomo wazi, akitazama marehemu wake amekaa kwenye gogo karibu na pipa.

Mzee akainuka taratibu.

"Endelea, Makofi," akasema. "Ulifika kwenye pazia."

Waziri alishuka, akaanguka, akainuka. Ulimi wake, uliomlisha miaka yote, haukumtupa. "Mtukufu! Hii ni... ni zawadi! Zawadi ya sikukuu yako! Serikali yako imeamua kumzika raia mnyonge kwa heshima zote, kama vile ingekuzika wewe, ambaye hutakufa! Na hotuba ilikuwa ni... mazoezi!"

"Mazoezi," akasema Jenerali.

"Mazoezi," wakasema mabalozi.

Mzee akamgeukia Bi Siwema. "Mama, ni kweli wanayosema hawa?"

Bi Siwema aliona nyuso zile zote zikimwomba. Aliona pia Chande bado ameinua mikono, na Hidaya ameshikilia pembe ya jeneza asije mtu akalichukua. Angesema si kweli, uwanja ungejaa damu, na ya fundi baiskeli ingekuwa ya kwanza. Angesema ni kweli, angekuwa amemwongopea Mzee baada ya kumwambia ukweli wote. Akafungua mdomo, na kilichotoka kikawa si ndiyo wala siyo.

"Mimi naomba tumzike tu, baba. Jua linakwenda."

Mzee akalitazama jua. Kisha akatabasamu, na watu wa Tulivu walipoliona tabasamu lile, waliokuwa wamesimama wakatafuta pa kushika.

"Azikwe," akasema. "Na zawadi nimeipenda. Itakuwa kila mwaka. Kila siku yangu ya kuzaliwa, serikali itazika mtu." Akampiga Waziri bega kwa upole. "Mwaka huu tumeanza na fundi viatu. Mwakani nadhani awe mkubwa kidogo."

Ngwali akazikwa kwa mizinga. Jenerali na Waziri walibeba jeneza mbele, kila mmoja akihakikisha mwenzake yuko karibu zaidi na kaburi.

*

Mwaka ule viongozi wa Tulivu walipungua uzito. Baadhi walijishusha vyeo kwa hiari. Kila mmoja alijitahidi kuonekana mdogo, na waziri aliyekuwa akipenda kuketi mbele alianza kupigania kiti cha nyuma. Wengine walishika njia nyingine. Wakawa wanazunguka mitaani na mifuko ya machungwa, wakiwajulia hali wagonjwa, hasa wale wenye jina kidogo, mwalimu mkuu mstaafu, kadhi wa zamani, wakiwashauri kwa upole wasijitibu kupita kiasi.

Siku chache kabla ya sikukuu, Mheshimiwa Makofi akabisha hodi kwa Bi Siwema.

"Shikamoo, mama. Nasikia unakohoa."

"Ni moshi wa vitumbua, mwanangu."

"Usijikaze. Wewe sasa ni mtu mashuhuri. Ulikaa na Mzee gogo moja. Taifa likikuzika, halitaona haya."

Bi Siwema akaelewa kilichomleta. Akamtazama yule mtu aliyekonda ndani ya suti kubwa, na bila kutaka akaanza kulia. Alilia kwa ajili ya nafsi yake. Lakini Waziri alirudi nyuma hatua moja, machungwa yakamdondoka.

"Unanililia?" akasema. "Mama, unanililia mimi? Mzee amekuambia? Kasema ni mimi?"

Bi Siwema alifungua mdomo kumweleza kwamba sivyo. Akakumbuka yaliyotokea kila alipojaribu kumweleza mtu mkubwa jambo. Akaufunga.

Kesho yake Waziri alivuka mpaka akiwa amejifunika baibui la mkewe. Jenerali alisikia kwamba yule mama amelia, akafuata na kifaru. Habari ilipofika kwa mabalozi kwamba machozi ya Siwema hayakosei, hawakungoja kuuliza yanamhusu nani. Sikukuu ilipofika, Tulivu ilikuwa na barabara moja, Ikulu moja, na hakuna mtu wa kupiga tarumbeta.

Asubuhi hiyo hodi ikapigwa tena. Bi Siwema akafungua, akamwona Mzee na ndala zake, peke yake, ameshikilia sahani ya keki aliyojikatia mwenyewe.

"Wamekimbia wote," akasema. "Naweza kukaa?"

Angemkataliaje? Akamwekea kigoda. Akammiminia kahawa. Mzee hakuigusa.

"Mwaka jana," akasema, "nilikaa pale nikawasikiliza watu walioamini nimekufa. Hakuna aliyelia, isipokuwa mke wa Makofi, na yeye alilia kwa ajili ya keki." Akamtazama kwa macho yale ambayo yalikuwa yamewapoteza watu, akiwemo mume wa mwenye nyumba. "Wewe wanasema unajua kulia. Hebu nililie kidogo, nisikie itakuwaje."

Bi Siwema akajaribu. Akakunja uso, akavuta pumzi, akabana macho. Hakuna kitu. Macho yalikuwa makavu kama chungu kilichosahauliwa jikoni. Akaona kidole cha Mzee kinaanza kugonga kwenye goti, pole pole, akajua kwamba amri imetolewa na mwili wake umekaidi, na kwamba huko Tulivu mwili ukikaidi hutafutiwa mahali.

Akageuza uso, akatazama kizingiti chake. Akamwona Ngwali amekaa pale na nyundo yake, anapiga viatu visivyo na haraka yoyote, huku watu wanapita mbali kwa woga na yeye anawasalimia mmoja mmoja kwa jina. Machozi yakaja yenyewe. Yalikuja kwa kwikwi, yakaloanisha kanga, hayakuuliza mtu.

Mzee akafumba macho, akasikiliza. Uso wake ukalegea kama wa mtoto aliyebembelezwa.

"Asante," akasema. "Kumbe nilipendwa."

Bi Siwema hakumsahihisha. Aliendelea kulia.